Umeme Kwenye Gati la Nyumbani: Ushauri kwa Wakazi wa Kando ya Ziwa Tanganyika

Swali hili linarudi kila mara kutoka Ikola na Karema, na siku hizi hata kutoka Mpimbwe upande wa Ziwa Rukwa: nimejenga gati dogo la mbao mbele ya nyumba, umeme wa TANESCO upo ndani, nataka taa tatu na soketi moja ya kuchajia betri za mtumbwi. Si nivute tu waya kutoka sebuleni?

Usivute. Waya ule ule uliowasha redio sebuleni miaka yote bila kumdhuru mtu unaweza kumuua mtoto anayeoga chini ya gati, siku ganda lake litakapochubuka. Makala haya ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba ya wageni na mfanyabiashara wa dagaa anayetaka kufikisha umeme majini. Bandari ya Karema ina wahandisi wake. Gati lako lina wewe na fundi utakayemwita.

Kwa nini gati si veranda

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mtu aliyesimama sebuleni, viatu miguuni na mikono mikavu, akigusa waya hushtuka na mara nyingi huponyoka. Aliye majini hana kinga hiyo. Ngozi imelowa, na mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji ya Tanganyika, kwa hiyo umeme uliovuja majini humpitia yeye kwa urahisi kuliko unavyopita kwenye maji yenyewe. Ndiyo maana maji baridi ya ziwa yana hatari kubwa zaidi kwa jambo hili kuliko maji ya Bahari ya Hindi.

Kiasi kinachoua ni kidogo mno:

- Miliampea 10 hadi 20 hukaza misuli, muogeleaji akashindwa kurusha mkono au kuachia ngazi ya chuma.
- Miliampea 30 zinaweza kubana kifua asipumue.
- Miliampea 50 hadi 100 zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Balbu ya LED ya wati 9 hutumia takriban miliampea 40. Sasa itazame sakiti breka ndogo kabisa iliyopo kwenye kisanduku chako: imeandikwa ampea 6, yaani miliampea 6,000. Umeme wa kumuua mtu mara kadhaa unaweza kuvuja majini usiku kucha na breka hiyo isijue. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Kumlinda mtu ni kazi ya kifaa kingine, nitakieleza mbele.

Wapo wanaobisha: tumezaliwa hapa, hatujasikia mtu kafa kwa umeme ziwani. Aliyepigwa na umeme majini mara nyingi haonyeshi alama ya kuungua. Anakaza, anazama, na watu wanasema maji yamemchukua. Kutosikika hakuthibitishi kwamba halitokei.

Kwanza jiulize kama unauhitaji

Hapa nina msimamo. Kama unachotaka ni mwanga tu wa kushukia mtumbwi usiku, usipeleke volti 230 kwenye gati hata kidogo. Funga taa za sola za volti 12, betri ikae nchi kavu ndani ya kisanduku chenye hewa, na fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Volti 12 haziwezi kumfanyia mtu aliye majini kile ambacho volti 230 humfanyia. Wavuvi wetu wengi wameshaacha karabai na kuvua dagaa kwa taa za betri, kwa hiyo vifaa hivyo vinapatikana na mafundi wake wapo.

Na betri za mtumbwi? Zichajiwe kwenye banda nchi kavu, kisha zibebwe hadi majini. Najua ni nzito na najua mabega yanauma. Hata hivyo kubeba betri kuna usalama mkubwa kuliko kuutembeza umeme wa nyumba hadi kwenye chombo kinachoyumba.

Wanaobaki ni wenye sababu ya kweli: pampu ya maji, friza la samaki kwenye banda la gati, winchi, au boti la wageni linalohitaji kuchajiwa likiwa limefungwa. Yanayofuata ni yao.

Kabla ya kununua hata meta moja ya waya

- Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Gati haliwezi kukwepa meta hizo, kwa hiyo usijenge kwa kudhani. Anza serikali ya kijiji na halmashauri, nao watakuelekeza NEMC kwa upande wa mazingira na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Ukiweka umeme kwenye gati lisilo na kibali, unaweza kubomolewa vyote viwili.
- Fundi awe na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina kazi zake. Iombe uishike mkononi, usome daraja na tarehe ya kuisha. Fundi mzuri hachukii kuulizwa.
- Mzigo mpya mkubwa, kama winchi ya fezi tatu, uombewe TANESCO kabla ya kufungwa.

Mwambie fundi mapema kwamba kazi ni ya majini. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kina sehemu ya 709 iliyoandikwa kwa ajili ya magati ya boti, na kanuni za Uingereza za BS 7671 zina sehemu yenye namba hiyohiyo. Fundi ambaye hajawahi kuisikia si lazima umfukuze, lakini mpe nafasi aisome kabla hajaanza kutoboa mbao.

Ziwa halikai mahali pamoja

Watu wa Karema wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Wabelgiji walipojenga kituo chao pale mwaka 1879, maji yalikuwa karibu. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa, ulikuwa umefunguka upande wa Kongo mwaka mmoja kabla, ziwa likashuka takriban meta 10 katika miaka iliyofuata, na kituo hicho kikabaki mbali na ufuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yakapanda tena kwa nguvu. Miaka hii ya karibuni yamepanda na kuingia nyumba na mialo ya pwani yote ya ziwa.

Kwa hiyo usipime kwa maji ya leo. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka yalipopanda sana, tafuta alama kwenye mawe na kuta, upige mstari hapo. Kutoka mstari huo:

- soketi na viungio vyote vikae angalau meta 1 juu;
- kisanduku kikuu cha gati kisiwe juu ya maji kabisa, kikae nchi kavu mahali unapofika bila kukanyaga gati;
- swichi ya kuzima gati zima iwe kwenye kisanduku hicho, na kila mtu wa nyumbani aijue, pamoja na dada wa kazi na mlinzi.

Kwa gati linaloelea juu ya madrumu, kipimo huanzia kwenye sakafu yake, na waya unaotoka nchi kavu uachiwe urefu wa kupanda na kushuka bila kukazika wala kusuguliwa na ubao.

Vifaa vyenyewe

RCD ya miliampea 30. Hiki ndicho kifaa nilichoahidi. Hupima umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipungua njiani kwa sababu umevuja, hukata. Cha miliampea 30 kinatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3, na hitilafu ikiwa kubwa hukata ndani ya sekunde 0.04. Madukani utakikuta kimeandikwa RCD, RCCB, au RCBO kikiwa kimeunganishwa na breka. Kila soketi ya gati iwe na chake. Ukiweka kimoja kwa soketi zote, siku chaja moja mbovu itakapokikata, friza nalo litazimika na samaki wataoza. Kesho yake utamwita mtu akiondoe. Angalia RCD iwe imeandikwa 30 mA. Za 100 na 300 zipo na hufanana nazo kwa sura, lakini zimetengenezwa kuzuia moto na hazitamwokoa aliye majini.

Nunua kwenye duka linalokupa risiti. Kitufe cha kujaribia RCD, chenye herufi T, kikishindwa kukata siku ya kwanza, rudisha.

Soketi. Za plastiki nyeupe za ukutani hazina kazi kwenye gati. Tumia ile ya bluu ya mviringo, ampea 16, pini tatu nene, yenye kifuniko kinachojifunga. Iwe na alama ya IP44 kama inapata matone tu, na IP66 kama mawimbi ya upepo wa kusini yanaifikia. Soketi moja ihudumie boti moja.

Waya. Wa shaba, kamwe usiwe wa alumini, maana unyevu huila haraka kwenye viungio. Sehemu ya ardhini ichimbiwe nusu meta au zaidi kwa kebo yenye ganda la chuma, na utepe wa tahadhari juu yake. Sehemu ya gati linaloyumba itumie kebo nyeusi ya mpira iliyoandikwa H07RN-F. Usipitishe waya hewani juu ya gati. Mitumbwi ya kuvulia dagaa hubeba miti mirefu ya kutandazia wavu, na mti mmoja uliolowa unatosha.

Unene wa waya unapuuzwa kuliko vyote. Kwa umbali wa meta 50 na mzigo wa ampea 10:

- waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu volti 14;
- wa 2.5 hupoteza volti 9;
- wa 4 hupoteza volti 5 na nusu.

Umeme wetu wenyewe hushuka jioni. Ukipunguza volti 14 nyingine, kompresa ya friza inaweza kuungua, na waya mwembamba unaopata moto unaweza kuchakaa ganda, tukarudi kwenye mvujo. Kwa umbali huo nunua wa 4.

Ethi, mahali mafundi wanapokosea

Kosa la kwanza ni kuifunga ethi ya gati kwenye nyutro ya TANESCO kwa sababu nyumba imefungwa hivyo. Nyutro ikikatika nguzoni, kila chuma cha gati kinaweza kubeba umeme: ngazi, vikuku vya kufungia mitumbwi, hata boti la bati. Gati liwe na fimbo yake ya ethi nchi kavu, na vyuma vyote vya gati vifungwe pamoja kwenye ethi hiyo.

Kosa la pili ni kuipima masika. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo wa mkoa wetu wa Katavi umelowa na kipimo kinatoka kizuri. Agosti mchanga umekauka na hali ni nyingine. Pima kiangazi, utake iwe chini ya omu 100. Ikizidi, ongeza fimbo ya pili na ya tatu, umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo. Mambo ya kumwaga chumvi shimoni yaache. Husaidia muda mfupi, kisha hula fimbo.

Wenye jenereta na inveta

Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliwashwa kwa majenereta ya dizeli kabla ya laini ya kilovolti 132 kujengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, na kando ya ziwa jenereta ndogo bado ziko kila mahali. Zina mtego ambao wengi hawaujui. Jenereta nyingi ndogo na inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao hauna upande uliofungwa kwenye ethi. Ukifunga RCD mbele yake, inaweza isikate mtu anapopigwa, na kitufe cha T kitakudanganya kwa sababu hujaribu kifaa chenyewe tu. Fundi afunge upande mmoja kwenye ethi kwa utaratibu wa kifaa hicho, kisha ajaribu kwa mashine ya kupimia RCD, jenereta ikiwa inanguruma. Kwenye inveta asome kwanza maelezo ya mtengenezaji, maana nyingine huungua ukizifunga hivyo.

“RCD yenyewe inakatika ovyo”

Haya ndiyo malalamiko tunayopokea kuliko yote, na dawa inayotumika mitaani ni kuiruka kwa kipande cha waya. Tafadhali usifanye hivyo. Inapokatika inakuambia kuna mahali umeme unavuja. Mtafute mvujaji:

1. Chomoa kila kitu kwenye soketi hiyo, zima na taa.
2. Washa RCD. Ikikatika bila mzigo wowote, tatizo lipo kwenye waya au kwenye kiungio kilichoingia maji.
3. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kile kinachoikata ndicho kibovu. Mara nyingi ni friza kuukuu, chaja iliyolowa, au pampu ya majini iliyopasuka mpira.
4. Kifaa hicho kisirudishwe hadi kitengenezwe, hata kama bado kinafanya kazi vizuri.

Makosa tunayoyaona kwenye mialo

- Eksitensheni ya sebuleni iliyofungwa nailoni ili isilowe. Nailoni hushika jasho ndani, na hiyo ni mbaya kuliko kuiacha wazi.
- Kiungio cha kusokota na kufunga selotepu kilicholala juu ya mbao.
- Waya uliobanwa kwa misumari iliyopindwa.
- Chaja ya betri iliyowekwa ndani ya mtumbwi wenye maji ya kukumba.
- Pini ya ethi iliyokatwa ili plagi iingie.
- Kuchomoa kebo ya boti ikiwa na umeme, ncha ikaangukia ziwani. Zima, chomoa upande wa gati kwanza, kisha wa boti.

Kuoga, kufua, kuosha vyombo

Hapa ndipo penye kazi ngumu, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kukufanyia. Kwetu gati ni mahali pa watoto kuruka, akina mama kufua na vijana kuoga jioni. Likishakuwa na umeme wa volti 230, desturi hiyo ihamie kwingine, meta 50 au zaidi. Kanuni za umeme za Marekani, katika kifungu cha 555, zinadai bango la onyo kwenye magati yenye umeme, ingawa huko vifaa vya kinga vipo. Weka lako kwa Kiswahili, herufi kubwa: HATARI, UMEME MAJINI, USIOGE HAPA. Waonyeshe watoto na mahali mbadala pa kuogea, kwa sababu bango peke yake halimzuii mtoto siku ya joto.

Wafundishe jambo moja zaidi. Ukiwa majini ukahisi mwili unawasha au kufa ganzi, usikimbilie gati wala ngazi. Geuka, ogelea kuelekea mbali, ukipiga kelele wazime umeme.

Mtu akikaza majini

1. Usiruke. Anayeruka kuokoa huwa wa pili kufa.
2. Zima swichi kuu ya gati. Kama huijui, zima nyumba nzima. Kama ni jenereta, izime.
3. Mrushie kamba, boya, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba. Mti mkavu wa kumvutia pia unafaa.
4. Akitolewa na hapumui, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, ukirudia bila kukoma, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Usimning'inize miguu juu kumwaga maji. Unapoteza dakika zake.
5. Mwingine atafute usafiri wa kituo cha afya wakati wewe unaendelea. Zimamoto ni 114.

Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe akapimwe moyo.

Kukagua

Kila mwezi bonyeza kitufe cha T kwenye kila RCD. Baada ya kila dhoruba, kabla ya kuwasha, tembea gati lote ukiangalia vifuniko, viungio na mahali waya unaposuguliwa. Ukaguzi mkubwa wa mwaka una wakati wake mzuri. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa hivyo mitumbwi mingi hupumzika, na miezi hiyo mvua hakuna na udongo umekauka, kwa hiyo kipimo cha ethi kitakuambia ukweli. Mwite fundi apime mambo matatu: ukinzani wa ganda la waya, ethi, na muda ambao kila RCD inachukua kukata. Majibu ayaandike kwa namba, aweke jina, namba ya leseni na tarehe, na karatasi uitunze pamoja na kibali cha gati.

Kwa wale ambao tayari wana waya kwenye gati na hawana RCD, nawaomba leo hii, kabla jua halijazama, mzime breka ya gati na kuchomoa waya huo upande wa nyumba. Ukae hivyo hadi fundi mwenye leseni afike.